Nauli ya Msiba

Mume wangu Beda nilimuua mwezi wa saba, siku ya Jumanne, kwa simu. Mwenyewe alikuwa nje na koti lake la baridi, anaota jua la mtaani kwetu Malangali na kumenya karanga. Nikajifungia jikoni, nikampigia mwanangu Elia kule Norwe. "Mwanangu, baba yako ametutoka." Nikalia. Kulia hakukunipa shida, moshi wa kuni ulinisaidia.

Msinihukumu haraka. Elia alikuwa amemaliza miaka tisa hajakanyaga hapa Sumbawanga. Alikwenda kusoma, akabaki kufanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Watu hapa waliniamkia kwa adabu wakidhani nakula hela za Ulaya. Hela zipi? Kule kabichi moja ni bei ya debe la mahindi. Kupanda basi mara moja, debe. Kunyoa kwa kinyozi, gunia zima, ndiyo maana mwanangu akinitokea kwenye simu kichwa kilikuwa na mabaka kama shamba lililopitiwa na nyani. Alikuwa anajinyoa mwenyewe. Chumba wanalala watatu, na bado kodi inakula nusu ya mshahara. Nauli ya ndege, kuja na kurudi, nilipiga hesabu nikapata magunia arobaini. Shamba letu la Milanzi, mwaka wa mvua nzuri, linatoa kumi na nane, na humo humo tunakula.

Beda alikuwa anaumwa ini. Daktari alishanivuta pembeni akaniambia tumpe anachotaka. Alitaka mambo mawili tu: amwone Elia, na siku akifa Elia atupe udongo wa kwanza kaburini. Kwetu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza, na Elia ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Sasa, Elia aliwahi kunieleza kuwa Watanzania wa mji ule wana chama. Mtu akifiwa na mzazi, wanamchangia nauli aje kuzika.

"Na mzazi akiumwa?" nilimuuliza.

"Akiumwa, mama, wanakupa pole."

Neno hilo nililala nalo wiki mbili. Ya tatu ndiyo nikapiga ile simu.

Siku ya nne Elia alinipigia akiwa njiani, Laela, basi limesimama. Sauti imemkauka. "Mama, msizike kabla sijafika."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Marehemu hana haraka."

Hapo ndipo nikamweleza Beda. Aliweka karanga chini.

"Mwanamke, umeniua bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Ningekubali. Lakini ungeniuliza."

Elia aliingia uani na suti nyeusi, macho mekundu. Akatafuta turubai, hakuna. Akatafuta waombolezaji, akaona kuku. Halafu akamwona baba yake juu ya kigoda. Begi likamponyoka. Mtoto niliyemlea vizuri huyo, hata maiti aliisalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umevaa nyeusi, nani kafa?"

Elia akamwangukia mapajani akalia kama mtoto. Mimi hakunisemesha siku mbili. Ya tatu alinifuata jikoni.

"Mama, unajua umefanya nini? Wale watu wanafua, wanaosha vyombo, wanabeba wazee. Wamejinyima wakanichangia. Mzazi mmoja, mchango mmoja. Baba akifa kweli, nitawaambia nini?"

Nilikuwa nakoroga ugali wa ulezi. Niliendelea kukoroga. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Wiki tatu alikaa. Alimwogesha baba yake, akamkata kucha, wakacheka mambo yao. Siku ya mwisho Beda aliomba apelekwe kwenye makaburi ya ukoo. Tukaenda pole pole. Akasimama pale anapotaka kulala, akachota udongo, akampa Elia.

"Nitupie sasa hivi, nikiwa naona. Nauli umeshaitumia."

Elia aliupokea ule udongo. Akauangusha pembeni.

"Siwezi, baba. Siwezi kumtupia udongo mtu anayenitazama."

"Basi nitafumba macho," Beda akasema, na kweli akafumba.

"Siwezi."

Tukarudi nyumbani.

Beda alikufa mwezi wa kwanza, mvua inanyesha. Safari hii moshi haukuhitajika. Nilimpigia Elia, nikasema maneno yale yale ya mwezi wa saba.

"Mama, kweli?"

"Kweli, mwanangu."

"Niapie."

Nikamwapia mwanangu kwamba mume wangu amekufa. Hilo ndilo lililonikata maini.

Aliniambia baadaye kwamba alishika simu ampigie Calvin, mwenyekiti wa chama chao, akaiweka. Angeanzia wapi? Walikaa naye usiku kucha mwezi wa saba, wakampikia wali, wakamshika mkono. Aliporudi wakamuuliza, "Umemzika salama?" naye akajibu, "Nimemzika." Sasa hakuwa na mtu wa kumwambia nimefiwa. Alijinyoa kichwa chote, kama tunavyonyoa sisi tukifiwa na baba, akaenda kazini. Msimamizi wake akamwambia amependeza.

Siku ya maziko Mwalimu Nsajigwa, jirani yetu mtu wa Mbeya, alishika simu juu ya kaburi chini ya mwavuli. Elia alikuwa amejifungia kwenye stoo ya mashuka, anasikiliza tu. Wazee wakauliza, udongo wa kwanza ni wa nani? Kila mtu akaniangalia. Nikauchota mimi. Ulikuwa tope, uliganda mkononi, ukaangukia sanduku kwa kishindo.

"Mama," simu ikasema, "huo ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe."

"Ningetupa siku ile. Alishafumba macho, mama. Ningetupa tu."

Sikuwa na utani wa kumpa. Niliutafuta, haukuwepo.

Sasa ananipigia kila Jumapili. Zamani akiuliza hali yangu nilikuwa najibu, "Nimeshakufa, nasubiri kuoza," tukacheka. Siku hizi nasema nipo, mwanangu, nipo kabisa. Maana kwenye chama Elia amebakiza mzazi mmoja wa kuchangiwa, na mzazi huyo ni mimi. Elia hana njia nyingine ya kurudi nyumbani. Analijua hilo, nami nalijua, hatulisemi. Juzi tu alisema kwa sauti ndogo, "Mama, usije ukanifanyia tena. Ukisema umekufa, uwe umekufa."

"Nimekusikia," nikamwambia.

Namba yake nimempa Mwalimu Nsajigwa. Nimemwomba siku yangu ikifika apige yeye, maana simu ya nyumba hii Elia haiamini. Nimemwambia pia amweleze asafiri taratibu, asikimbie na mabasi. Nitamsubiri hata siku nne. Udongo wa kwanza Mwalimu asimpe mtu mwingine.