Mwarobaini wa Kaburi la Salma

Demetria alifika Boko akiwa amechoka tayari. Magoti yalimuuma, na foleni ya magari kutoka Kimara ilikuwa imemmaliza kabla kazi haijaanza. Kwa miaka mingi alikuwa akitafiti jinsi miti ya kigeni inavyoimeza misitu midogo ya pwani, na katika miaka hiyohiyo misitu yenyewe ilikuwa ikiisha machoni pake. Kichaka alichoanzia, kule Kinyerezi, kilifyekwa pakaota nyumba. Kingine kiligeuka machimbo ya mchanga. Hiki cha Boko kilisalimika kwa sababu moja tu: ndani yake mlikuwa na makaburi ya ukoo wa Kizaramo, na hata madalali wa viwanja walikuwa bado wanaogopa wafu.

Miti ya asili, mikongo na mipingo, ilikuwamo bado, na mibungo ikitambaa juu yake. Lakini chini, kila mvua ikinyesha, kilichoota ni mwarobaini. Kunguru walikula matunda yake na kumwaga mbegu kila mahali, na mche wa mkongo ulipochungulia ulikuta kivuli kimeshatanda. Demetria alikigawa kichaka vipande vipande. Katika baadhi aling'oa miarobaini yote, na vingine akaviacha vilivyo, apate kuona kama miti ya asili itarudi. Kilibaki kipande kimoja ambacho katikati yake ulisimama mwarobaini mkubwa, mama wa ile mingine. Mzee Mbwana, msimamizi wa makaburi, alikubali ukatwe.

Asubuhi hiyo Demetria alikuja na Brightson, fundi wa msumeno wa mashine. Walimkuta mwanamke wa makamo ameketi chini ya mti ule, kajitanda kanga, mgongo kauegemeza kwenye shina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie ndo wakataji?"

"Ndiyo, mama. Mzee Mbwana ameturuhusu."

"Mbwana kaka yangu. Mie Zubeda. Hakuniuliza." Akagusa udongo kando yake. "Hapa kalala mwanangu, Salma. Huu mti nimeupanda mie kwa mkono wangu."

Brightson aliweka msumeno chini, akasogea pembeni.

Ruhusa Demetria alikuwa nayo. Angeweza kumpigia simu Mzee Mbwana, mambo yakaisha. Badala yake alijishusha taratibu, akakaa kwenye majani makavu.

"Mti wenyewe una kosa gani?" Bi Zubeda aliuliza. "Homa zote za Salma nimemfukiza kwa majani ya mwarobaini."

"Hauna kosa, mama. Unaota vizuri kupita kiasi, basi. Uliletwa zamani kutoka India, na huku hauna wa kuuzuia. Ya hapa inakosa nafasi."

"Wewe kwenu wapi?"

"Bukoba."

Bi Zubeda alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Boko yote hii ilikuwa yetu. Leo tumebakiwa na makaburi. Mbona hajaja msomi kututafiti na sie?"

Demetria aliutazama mti, akatazama mikono yake iliyojaa makovu ya miiba.

"Mama, ukisema usikatwe, haukatwi. Nitaondoka."

Kunguru wawili waligombana matawini.

"Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunachuma mabungo hapa," Bi Zubeda alisema. "Tunakula mpaka midomo inawasha. Ukiukata huu, yatarudi?"

"Sijui, mama. Ndicho ninachotafuta."

Bi Zubeda alimgeukia, akamkazia macho. "Wote wanaokuja hapa wanajua. Wa viwanja wanajua, wa barabara wanajua. Wewe na elimu yako hujui?"

"Sijui."

Bi Zubeda alinyanyuka, akakung'uta kanga. "Kateni. Ila uangukie kule, usimwangukie mwanangu."

Mti uliangukia kule. Bi Zubeda alijaza majani kwenye kanga yake, akaenda zake bila kuaga. Utaratibu ulimtaka Demetria apake kisiki dawa ya kuua mizizi. Alikuwa na chupa mkononi, akaangalia kaburi lilivyokaa karibu, akairudisha kwenye mkoba.

Masika yalipopita Demetria alirudi, akakuta kisiki kimechipua. Bi Zubeda alikuwapo, ameshafagia kaburi.

"Umekataa kufa," alisema.

"Nimeona, mama."

"Panga unalo."

Demetria alilichomoa. Alikata chipukizi moja, la pili, la tatu. Likabaki moja laini, upande wa kichwani mwa kaburi. Alijua likibaki, kipande kizima kimeharibika kwa utafiti, na kazi yake yote hapo haina maana. Bi Zubeda alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili. Demetria alilifuta panga kwa majani, akalirudisha alani.

Katika ripoti alikiondoa kipande kile na kueleza sababu bila kuficha. Wenzake chuoni walisema ameendekeza huruma, na hakubishana nao. Katika vipande vingine mikongo michache iliota, na mahali pamoja mbungo ulianza kutambaa. Kwingine hakukuota kitu. Ufadhili ulipokwisha, hakuna aliyeuliza habari za Boko tena.

Demetria aliendelea kwenda siku za mapumziko. Bi Zubeda naye alijifunza kukata maua ya ule mwarobaini uliotokana na chipukizi kabla hayajawa matunda, maadamu ulikuwa bado mfupi na mkono unafika. Waliinama pamoja kung'oa miche, kila mmoja akilalamikia kiuno chake, na kunguru wakaendelea kuleta mbegu kutoka kwenye nyua za watu.

"Itaisha lini hii?" Bi Zubeda aliuliza siku moja.

"Haitaisha, mama."

"Haya. Nisogezee hilo jembe."