Betri Iliyoanikwa Juani

Jumanne, tarehe 9 Machi 1976, mke wangu Koleta, mkunga wa zahanati yetu, alipanda ndege ndogo ya serikali pale Tabora kupeleka chanjo. Mimi nilibaki Kigwa, kijiji walichotuhamishia kwa malori. Jioni tukaambiwa ndege haijatua popote.

Wakubwa walituma ndege nyingine ikazunguka wee, ikarudi. Wakasema msitu ni mkubwa na mvua ni nyingi, tusubiri. Wao walisubiri na chai.

Mimi nilikwenda Tura kwa Ngollo, mrina asali aliyeujua msitu ule.

"Kaka, kama yuko chini ya mizinga yangu, nyuki wameshamwona," alisema, akachukua panga.

Tulilala siku kadhaa kwenye kambi za warina asali, tukapita mzinga kwa mzinga, mpaka tukakuta bawa limening'inia mtini. Koleta alikuwa hai, ameegemea shina, mguu umevunjika. Kanga yake alikuwa amemfunikia marehemu rubani.

"Baba Marcelina," aliniita, sauti imekauka, "shati umeligeuza."

"Nyamaza, kunywa maji."

"Umepita nalo hivyo Tura nzima?"

Nikalivua, nikaligeuza, nikalivaa tena huku nalia. Ngollo alijifanya anatafuta miti ya machela.

Njiani Koleta alinieleza. Rubani kabla hajakata roho alimwonyesha boksi lililofungwa mkiani mwa ndege. Akamwambia, dada, ndege ikianguka hili linaita lenyewe, walio angani wanalisikia, usisogee mbali nalo. Basi akakaa nalo. Honi ya treni aliisikia kila ilipopita, na siku za mwanzo alikuwa na nguvu za kutambaa.

"Nikasema nikiondoka, watakuja wanikose," alisema. "Ndege ikapita juu kabisa, Baba Marcelina. Nikaipungia mkono."

Tulifika relini. Alikuwa wa moto kama chungu. Kichwa nilikipakata, naye akashika kidole changu kimoja, kama alivyozoea akisinzia. Treni ilipokuja, mkono ulikuwa umeshalegea.

Kwenye matanga alikuja Salmini, fundi wa uwanja wa ndege, mtu mzima, Mwarabu wa pale mjini. Alikaa mkekani, chai hakuigusa.

"Wallahi, mzee mwenzangu, silali," alisema. Betri ya lile boksi ilikuwa imepitwa na muda wake. Mpya iliagizwa, haikuja. Mkuu wao akaamuru ile ya zamani ianikwe juani, juu ya bati. Jioni wakaipima, taa ikawaka, ikarudishwa ndegeni.

Nani haaniki betri za redio? Koleta alizipanga ukingoni mwa kinu ili nisikilize matangazo ya vifo. Ukizianika zinakupa matangazo nusu, redio inanyamaza, unaendelea na shughuli zako. Kila nyumba inajua. Na yule mkuu ana redio kwake.

Nilikwenda ofisini kwake. Sikumwamkia.

"Mzee, betri ilipimwa, taa ikawaka," alisema. "Ni mipango ya Mungu."

"Mungu ndiye aliyeianika?"

Akafungua droo, akaifunga. Walimhamisha, wakampa cheo kikubwa zaidi. Waliokalia kiti chake baada yake nimewafuata mmoja mmoja na swali lile lile: kwa nini rubani hakuambiwa kwamba lile boksi halina nguvu, ili mke wangu atambae kuelekea relini angali anaweza?