Isale Lililokwenda Ufini

Jumanne, tarehe 17 Novemba 1998, saa nne asubuhi, mke wangu Kornelia alianguka mlangoni pa zizi akiwa na mzigo wa majani kichwani. Nilipofika alikuwa ameshakata roho, na ng'ombe ameshaanza kula yale majani palepale begani mwake. Presha, walisema hospitali. Naitaja saa kwa sababu kila kilichoharibika kwangu kiliharibika kati ya saa nne hiyo na saa nane mchana, na kuna mtu anajua kwa nini.

Saa nane nilikwenda kwa Jacob, katibu wa chama chetu cha msingi cha kahawa, huku juu ya Kwa Sadala, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Wakati huo wanunuzi binafsi walishaingia, kahawa yetu inampita mlangoni kwenye magari ya watu wengine. Yeye alibaki na ghala tupu, mhuri, ufunguo wa sanduku la posta, na simu. Kijiji kizima simu ilikuwa hiyo moja. Nikamwomba ampigie mwanangu Ndelilio, Ufini, aje amzike mama yake.

Ndelilio alikuwa na miaka minane alipoondoka, mwaka 1987. Daktari Aho, Mfini ambaye Kornelia alikuwa akimpikia na kumfulia, alimaliza kazi yake hospitali ya misheni akaomba aende na mtoto akasome. Miaka mitatu, walisema. Huyu ni kitinda mimba wangu na mwana wa kiume peke yake, yaani ndiye mwenye kihamba, shamba letu la ukoo, maana kwetu nyumba ya baba hubaki kwa wa mwisho. Mimi nimeishia darasa la nne, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Jacob ndiye aliyenishikia kalamu. "Weka sahihi hapo, Meku," akasema, ndivyo tunavyomwita mzee huku. "Mambo safi kabisa."

Miaka mitatu ikawa kumi na mmoja. Kila Krismasi ilikuja picha, na binti yangu Brenda akatusomea barua. Kwanza mtoto amesimama kwenye barafu, viatu vina visu chini, gongo mkononi. Ni mchezo, Brenda akasema, wanakimbiza kisahani cheusi kwa magongo. Kisha timu ya shule. Kisha timu ya vijana ya mji, kofia ngumu, mabega yamejazwa magodoro. Alipofika miaka kumi na minane akaandika kwamba amesaini mkataba na timu ya wakubwa na sasa kazi yake ni hiyo.

"Kazi gani?" nikauliza.

"Kucheza, Baba."

"Kibo kina barafu tangu babu yangu hajazaliwa. Nani amewahi kulipwa kwa kuteleza?"

Picha ya mwaka huo haikuwa na meno mawili ya mbele.

"Nani kamng'oa?"

"Kile kisahani, Baba. Kilimpiga mdomoni."

"Kisahani king'oe meno mawili na mtu acheke kwenye picha? Huyu yuko jela, wanatuficha."

Kornelia alicheka mpaka akakaa chini. "Jela gani, Baba Ndelilio, wanagawa sweta nzuri namna hii?" Ile picha akaibandika juu ya kitanda. Ipo mpaka leo.

Basi siku ile Jacob alijifungia ofisini, mimi nikangoja kwenye benchi nje. Nilimsikia akipaza sauti, "Halo! Halo!" Akatoka anajifuta jasho.

"Nimeongea na daktari mwenyewe. Kijana ana mechi Jumamosi, mkataba haumruhusu kutoka. Anasema mzikeni tu, Mungu awatie nguvu."

Tulizika Jumamosi, kihambani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa haki ya Ndelilio, akautupa Brenda. Nilisikia watu wakinong'ona nyuma yangu.

Januari ikaja bahasha ya mke wa daktari, ndani kipande cha gazeti. Mwanangu amepiga magoti kwenye barafu, mikono juu, mdomo wazi hauna meno. Brenda akatazama tarehe. Ni mechi ya Jumamosi ile. Alikuwa amefunga goli lake la kwanza kwenye timu ya wakubwa, sisi tukimfukia mama yake.

Nikamwambia Brenda aandike. Alikataa, akalia, nikamfokea akaandika: "Mama yako tumemzika, wewe unashangilia. Kihamba changu usikikanyage."

Majibu yalikuja upesi kuliko barua yoyote. Kiswahili chake kilishapungua. Mstari mmoja tu: "Baba, mama amekufa lini?"

Niliichukua barua ile nikaenda ofisini. Jacob hakuwapo. Alikuwapo Veronika, mama anayefagia pale.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Naomba nione simu."

"Hii? Baba, hii ilikatwa tangu Sabasaba ya mwaka jana. Mimi naifuta vumbi tu."

Jacob akaingia wakati nimeshika mkonga sikioni. Ulikuwa kimya kama kipande cha mti.

"Meku, usisikilize maneno ya wafagiaji."

"Nasikiliza simu. Nayo haisemi kitu."

Akafunga mlango. "Ulikuwa na msiba. Nikuambie nini, kwamba chama hakina simu? Nilitaka kukutuliza."

"Ningeshuka Moshi kwa miguu!"

"Ungefika amechelewa kupata ndege."

"Na mechi ya Jumamosi uliijuaje, kama hukuongea na mtu?"

Akaanza kupanga karatasi mezani, karatasi zisizo na kazi. "Hao hucheza Jumamosi," akasema. "Watu wote wanajua."

Watu wote nani? Kijiji hiki hakuna anayejua hata mchezo wenyewe. Nikakumbuka bahasha ngapi zilinifikia zimekunjamana kwenye gundi. Ndivyo walivyo wenye funguo. Wanasoma barua zetu kabla yetu, halafu wanatutuliza.

Lakini hata ningegombana na Jacob, nisingeweza kumzika mke wangu upya. Aliyebaki ni Ndelilio. Mtoto alijua kifo cha mama yake kwenye barua ya matusi, na mwandishi wa matusi ni mimi. Nikakaa na jambo hilo wiki mbili. Baba kumwomba msamaha mtoto wake si kitu tulichozoea huku. Mwishowe nikaenda mpakani mwa kihamba, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo.

Kwa asiyejua: kwetu mtu akikuletea isale lenye fundo amekuja kuomba msamaha, na wewe huwezi kumkatalia. Na maneno huweki. Ukianza kujieleza umeharibu, ni kama humwamini huyo unayemwomba. Kwa hiyo barua niliyomwambia Brenda aandike ilikuwa ya habari za kawaida: ng'ombe amezaa, mvua za masika zimeanza, kaburi tumelijengea. Jani nikaliweka katikati. Brenda akasema, "Baba, mwandikie basi hili ni nini. Aliondoka mdogo."

"Anajua. Nilipogombana na baba yako mkubwa nilimpelekea isale, na Ndelilio ndiye aliyenishikia njia nzima. Alikuwa na miaka saba."

"Miaka saba, Baba."

Nilikataa. Nikashuka mwenyewe mpaka Moshi kuituma, nisiipitishe kwa Jacob. Dada wa posta aliibonyeza bahasha. "Mzee, humu mna nini?" Nikamwambia jani. Akacheka, akapiga mhuri.

Hiyo ilikuwa Machi 1999. Aprili kimya. Hadi Oktoba, kimya. Nilianza kumshuku kila mtu aliyegusa ile bahasha, mpaka rubani. Kisha nikajishuku mwenyewe. Labda Brenda alikuwa sahihi, labda mtoto alilitazama lile jani, akaona takataka ya shambani, akalitupa.

Wiki iliyopita, Novemba tena, Jacob alinipa bahasha kutoka Ufini. Ilikuwa wazi.

"Imejifungua yenyewe, Meku. Gundi za siku hizi."

Ndani hakuna barua. Kipande cha gazeti tu, mwandiko wa anwani ni wa Ndelilio mwenyewe. Amesimama kwenye barafu, kichwa chini, hashangilii. Gongo amelikumbatia kifuani, na juu ya mshikio, pale ambapo kwenye picha zote za zamani pana plasta nyeupe iliyozungushwa, kuna kitu chembamba, cheusi, kimefungwa. Kina ncha mbili zinazoning'inia.

"Hiyo ni plasta tu," Jacob akasema.

Nilikuwa sijauliza.

Nimempelekea Brenda. "Wote hufunga plasta, Baba, isiteleze."

"Plasta inafungwa fundo?"

Akaisogeza picha dirishani, karibu na jua. Gazeti lao halina rangi, na ukilikaribia sana kila kitu kinageuka nukta. Alitazama mpaka chai yake ikapoa, akanirudishia.

Nimeibandika juu ya kitanda, pembeni ya ile ya meno. Kila anayeingia namshikisha taa na kumsogeza karibu, namuuliza: kile ni plasta, au mwanangu amelipokea isale langu?