Karatasi Mlangoni

Miaka mitatu nilimkatalia yule mshauri wa kuboresha kazi. Mimi ni mkuu wa idara ya TEHAMA. Nitapata wapi muda wa kubandika vikaratasi kama mtoto wa chekechea? Nilimwambia, "Dada yangu, tumezidiwa. Siku ukiniona napumua, njoo."

Mkurugenzi alichoshwa na visingizio vyangu, akamleta bila kuniuliza. Kila ombi la kazi likaandikwa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa pale lilipokwama. Jumatatu nilicheka. Alhamisi nilikuta mlango wa ofisi yangu umejaa karatasi mpaka kitasa hakionekani.

"Nani kafanya upuuzi huu?" nilifoka.

Naibu wangu, tuliyeanza naye kazi siku moja, alijikuna kichwa. "Zote zinasubiri saini yako, bosi. Hamsini na tatu."

Sheria ya saini niliiweka mwenyewe, mwaka ule mitambo ilipozimika siku nzima na bodi ikanitoa jasho. Tangu hapo hakibadilishwi kitu bila mimi. Likizo siijui. Mke wangu ameshaacha kuuliza narudi saa ngapi.

"Basi tuifute hiyo sheria," mshauri alisema kwa upole.

"Andikeni ombi," nikajibu.

Wakaandika, wakanipa. Nililisoma mara mbili, kalamu mkononi. Halafu nikalibandika mlangoni pamoja na mengine, la hamsini na nne, nikaingia ndani na kujifungia.