Pale Simu Mbili Zilipokubaliana

Kondoo dume alikuwa amelala ng'ambo ya korongo, miguu kaikunja chini ya kifua, anacheua taratibu kama mzee wa kanisa anayetafuna mahubiri. Pembe zake zilikuwa nene kuliko paja la mtu, zimejikunja mpaka ncha zinakaribia macho. Jolene Tvedt alimtazama kupitia darubini ya bunduki, akasahau kuvuta pumzi.

Tangu binti zake wakiwa vibogoyo, Jolene alikuwa akipeleka jina lake kwenye bahati nasibu ya vibali vya kondoo wa mlimani. Kila mwaka serikali ya Montana ilimjibu hapana, kwa adabu zote. Mwaka huu ilisema ndiyo, na kwa umri aliofikia hakuna wa kumdanganya kwamba ndiyo hiyo itarudi tena. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Giza likiingia, kibali kinageuka karatasi ya kuwashia jiko.

"Yadi mia saba na kumi," alisema Arlo, mumewe, aliyelala kulia kwake, kipima umbali kiko jichoni. Akachungulia simu, kwenye programu ya kukokotoa mlengo. "Meno arobaini na sita."

"Hamsini," alisema Rusty, mdogo wake Jolene, kutoka kushoto, naye yuko na simu yake.

Juu ya darubini kuna kirungu cha kuzungusha, na kila jino moja linaipandisha risasi kidogo. Kwa umbali ule, meno manne ni shubiri nzima. Shubiri ndiyo iliyokaa kati ya moyo wa kondoo na hewa tupu. Na mbaya kuliko hewa tupu ni katikati: mnyama aliyepigwa nusu, anayejitupa korongoni akafie mahali pasipofikika.

"Shemeji, hiyo programu yako ni ya bure," alisema Rusty. "Mimi yangu nailipia kila mwaka."

"Unalipia ujinga kwa awamu."

"Wanaitumia kwenye mashindano ya shabaha hii."

"Na wewe mashindanoni ulikuwa wa ngapi vile?"

"Kulikuwa na upepo."

"Hee. Na hiyo programu haikukuambia kuna upepo?"

"Semeni polepole," alisema Jolene, bila kutoa jicho kwenye darubini. "Ana masikio yule." "Nikiweka arobaini na nane je?"

"Hapana," walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu kifungua kinywa.

Jua lilikuwa limeshagusa kilele cha magharibi. Kivuli kilipanda ukuta wa korongo kama maji yanayojaa pipani, na Jolene alijua kikimfikia kondoo pale alipolala, atasikia baridi, atanyanyuka, ataondoka zake. Upande wa kulia simu inasema hivi, wa kushoto inasema vile, na yeye katikati kama mtoto wa ndoa iliyovunjika. Amwamini nani? Mume alimchagua mwenyewe. Kaka alipewa tu. Lakini hilo halikumsaidia.

"Rusty," alisema, "andika yadi mia tatu. Inasemaje?"

"Mia tatu ya nini? Kondoo yuko mia saba."

"Andika tu, mdogo wangu."

Rusty akaandika. "Kumi na mbili."

"Arlo?"

"Kumi na moja."

"Jino moja." Kwa umbali huo jino moja ni upana wa kidole gumba. "Basi mimi naenda mia tatu."

Chini yao, ulimi wa mwamba ulitokeza kuelekea ng'ambo, mwembamba, mtupu, umepakwa barafu, kushoto na kulia korongo tu. Ukifika kwenye ncha yake ndiyo mia tatu.

"Goti lako, mke wangu," alisema Arlo.

"Goti halijaulizwa."

"Atakuona, dada," alisema Rusty.

"Ataniona mimi mmoja. Tukienda watatu ataona harusi." Akachukua kipima umbali mkononi mwa mumewe, akaivuta bunduki na mkoba, akaanza kutambaa.

Alitambaa kwa viwiko na tumbo. Theluji iliingia shingoni ikatafuta njia yake ya kushukia. Goti lilikuwa linamtukana matusi ambayo mama yake mzazi asingeyaruhusu mezani. Katikati ya ulimi, kijiwe kilitoka chini ya buti, kikadunda mara moja, kikadunda mara ya pili, kikaenda zake korongoni.

Kondoo akaacha kucheua.

Jolene alilaza shavu kwenye barafu. Aliyaona yale macho ya manjano, au alidhani anayaona, yakimtazama yeye hasa. Mashavu yakafa ganzi. Kivuli kikapanda. Alitamani kumeza mate akajizuia, kana kwamba kondoo angesikia koo. Halafu taya la yule mnyama likaanza tena, kushoto kulia, kushoto kulia, naye akasogea tena, upana wa mkono kwa upana wa mkono, hadi mwamba ulipokwisha.

Akapima. Mia tatu na nne. Akazungusha meno kumi na moja, vidole vimekakamaa kwa baridi. Alikuwa bado anapanga mkoba chini ya bunduki kivuli kilipomfikia kondoo, naye akanyanyuka.

Akampa makalio. Meupe, mapana, kama kitambaa cha meza.

Makalio hayapigwi. Jolene alijua kwamba kule nyuma watu wawili walikuwa wanaomba kimoyomoyo apige, na kidole chake kilikuwa kinaomba vilevile. Akasubiri. Mwanga ulififia hadi pembe zikashikana rangi na mwamba. Kondoo akapiga hatua moja kwenda juu. Akanusa. Akageuka ubavu.

Mlio wa risasi ulizunguka korongo lote ukarudi. Kondoo akatembea hatua chache kuelekea ukingoni, na Jolene akasikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona, "Usiende, baba, usiende huko." Miguu ya mbele ikakunjika. Mmoja wa nyuma ulining'inia nje ya mwamba. Mwili ukabaki.

Walimfikia kwa kuzungukia kichwa cha korongo, mwanga ukiwa umebaki kiduchu. Njia nzima Rusty alikuwa anabonyeza simu.

"Mgandamizo wa hewa," alisema hatimaye. "Nilichukua wa uwanja wa ndege."

Arlo akacheka hadi akaketi. "Shemeji, uwanja wa ndege wanautangaza kana kwamba wako ufukweni, na huku mlimani hewa ni nyepesi. Simu yako ilikuwa baharini. Ilikuwa imevaa kaptula."

"Na yako?" Jolene aliuliza.

"Yangu nini?"

"Hebu ifungue."

Arlo akafungua. Cheko likamwishia mdomoni. Mle ndani alikuwa ameweka vipimo vya bunduki mbili, yake kuukuu na ya mkewe, na iliyochaguliwa ilikuwa yake, inayotupa risasi polepole zaidi. Wakakokotoa upya ile mia saba na kumi, safari hii bila matusi: arobaini na mbili. Hamsini ingempita juu ya mgongo. Arobaini na sita ingemvunja mgongo, au ingemchana tu, naye angekimbilia kule kule ukingoni.

Jolene alitoa kibali mfukoni ili akifunge kwenye pembe, kama sheria inavyotaka. Kamba ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena.

"Nifungie," alimwambia mumewe.

Arlo akapiga magoti akafunga. Rusty akatoa kisu, akasimama nacho, hajui aanzie wapi mpaka aambiwe. Jolene alivua glavu, akaingiza mkono kwenye manyoya ya shingo, mahali ambapo joto lilikuwa bado lipo, akaukalisha humo muda mrefu.