Ngoma ya Takwimu

Vumilia alikuwa amewaahidi watu wa mgodi kule Geita kwamba angewapa jibu kuhusu kazi waliyompa Alhamisi hiyo, kabla ya jua kuzama. Kazi yenyewe ilikuwa ya ofisini, kuchambua takwimu, na haikuwa na mwanafunzi hata mmoja. Hilo ndilo lililomvutia. Mwaka wa tisa sasa alikuwa akifundisha takwimu chuo kikuu hapa Shinyanga, na siku hizi aliingia darasani kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Asubuhi ya siku hiyo Donatus, aliyefundisha kundi la pili la somo hilohilo, alimkuta ofisini.

"Mama Eliya, kwenu Wagika au Wagalu?"

"Wagika. Babu alicheza mpaka magoti yakagoma."

"Basi sisi Wagalu tunawasubiri uwanjani. Marudio ya kujiandaa na mtihani, saa nne, mimi na wewe kwa pamoja. Wanafunzi waende wanakotaka."

Vumilia alicheka bila kupenda. Ndivyo ngoma za Kisukuma zinavyoshindaniwa baada ya mavuno: vikundi viwili, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Akakubali. Huenda likawa somo lake la mwisho.

Saa nne alisimama upande mmoja wa uwanja na karatasi zake, akaanza kusoma. Wanafunzi wakamhama mmoja mmoja, wakaenda kwa Donatus, aliyejifunga kitenge kiunoni na kufundisha kwa kuimba.

"Mama Eliya, tukuazime ngoma?" Donatus aliuliza kwa sauti.

Ilimuuma, lakini ikamwamsha pia. Akaweka karatasi chini. Mkobani mlikuwa na mfuko wa dagaa wa Nkome, kule ziwani, alionunua kwa Gulnaz mwenye duka la mtaani. Akawamwaga juu ya khanga.

"Kila mtu achote kiganja kimoja, apime urefu. Atakayekaribia wastani wa mfuko mzima ameshinda."

Wakachota, wakabishana. Maduhu, aliyechagua wanono tu, alipata wastani wa ajabu.

"Huyu mchuuzi," wenzake walisema. "Wakubwa juu, vumbi chini."

"Ndiyo maana hatuchagui," Vumilia alisema. "Tunachota tumefumba macho."

Watu wa Donatus wakaanza kuvuka uwanja. Mwisho akavuka Donatus mwenyewe.

"Mmetushinda kwa harufu," alisema akijifuta jasho. "Alhamisi ijayo tunarudiana."

"Njoo na ngoma zako zote, Baba Klara. Mimi nipo."

Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo Vumilia alipotambua kwamba watu wa Geita wameshapata jibu lao. Akachukua simu, vidole vikinuka dagaa, akawapigia kuwashukuru.