Wembe na Ngazi Tano

Klabu ya kujitolea ilikutana kila Alhamisi jioni katika darasa la chekechea, kwa kuwa lilikuwa la bure. Watu wazima kumi na watatu walikaa kwenye viti vya kimo cha kuku, magoti yakikaribia videvu, wakajadili namna ya kuondoa shida duniani. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alipenda kusema kwamba unyenyekevu huanzia makalioni. Kila kikao kilimalizika kwa kuvutana mikono ili wote wainuke, na kusema kweli, kuna miaka ambayo hiyo ndiyo ilikuwa huduma kubwa kuliko zote walizotoa.

Kinyozi alikuwa mwanachama kwa miaka kumi na mmoja, na pale walimwita Wembe. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya vichwa. Maombi ya msaada yalisomwa bila jina la mwombaji, ili mtu asimpendelee shangazi yake wala kumkomoa jirani yake. Katibu, mama mwenye duka la dawa, ndiye peke yake aliyejua nani kaandika nini. Katibu akisoma, Wembe anauliza maswali, na akimaliza kuuliza, maombi yamebaki kipara. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, naye alikipenda kicheko kile kuliko chakula. Kibandani kwake vijana walishamhama zamani, wakafuata vinyozi wenye vioo vikubwa na muziki. Klabuni ndiko kulikobaki watu wanaonyamaza akifungua mdomo.

Ndiyo maana hakuwaambia kuhusu mkewe.

Mkewe alianguka akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu, watu wakampandisha ngazi tano za mlangoni, na miezi minne baadaye alikuwa hajazishuka. Wembe alijaribu kumbeba mgongoni mara moja. Walifika ngazi ya pili, mgongo ukagoma, wakakaa pale wote wawili kama mizigo iliyosahauliwa mpaka majirani wakapita kuwaokoa. Hapo akaapa kwamba atajenga njia ya mteremko kwa mikono yake mwenyewe. Akaleta mchanga, akaumwaga mlangoni. Mwezi wa kwanza alisubiri mvua iishe, mwezi wa pili alisubiri mgongo upone, na miwili iliyofuata alikuwa anapiga mahesabu ya mteremko kichwani. Klabuni walipomuulizia shemeji yao, alisema kaenda kukaa kwa dada yake.

Tatizo lilikuwa kanuni: mwanachama hutoa msaada, hapokei; anayetaka kupokea, atoke kwanza. Na aliyeileta kanuni hiyo, miaka sita nyuma, ni Wembe huyuhuyu, siku mwenye bucha, mwanachama mwenzao, alipoomba klabu imtengenezee uzio. Kwa hiyo kusema shida yake ilikuwa sawa na kuaga. Akaona heri mke asubiri kidogo. Mwanamume akishaanza kusema "kidogo", basi mke atafute godoro la kukalia.

Alhamisi hiyo katibu alivaa miwani, akafungua barua ya mwisho. Mwombaji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, hawezi kutembea, na anaomba ajengewe njia ya kiti cha magurudumu. Ana mume. Hapo Wembe hakungoja barua iishe.

"Ana mume? Basi mume ashike koleo. Sisi ni klabu, si waume wa akiba."

Darasa likaangua kicheko. Mwenye bucha alicheka mpaka kiti kikalia. Wembe akapata moto, akaendelea: mume gani huyo anayemwangalia mkewe akiozea ndani, na kama yupo, aletwe hapa aonekane sura, maana huenda ana mikono miwili ya kulia chakula tu. Alipomaliza, hata mwenyekiti alikuwa anafuta machozi.

Katibu peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akasema barua haijaisha, akasoma kwa sauti ileile anayosomea maelekezo ya vidonge.

"Mume wangu si mtu mbaya. Ni mbishi. Ameleta mchanga, na sasa ni choo cha paka wa mtaa mzima. Jioni za Alhamisi huenda kusaidia watu wengine, na mimi hukaa dirishani nikimtazama akienda."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini kwa kawaida huwa hachimbi huku watu wakimpigia makofi. Masikio ya Wembe yaliwaka; hakuwahi kufikiri kwamba asiyeweza kushuka ngazi anaweza kutuma barua. Alimtazama katibu, na katibu akaitazama dari. Wenzake walikuwa bado wanatabasamu. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, mambo yakapita, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba klabu imekataa. Na wazo hilo, tusimfiche, alilikalia kwa muda.

Mwenyekiti akaita kura. Mikono sita ilikubali, mikono sita ikakataa, na ya kukataa ilikuwa bado inacheka. Wote wakamgeukia Wembe, maana kura yake waliihesabu tayari. Walingoja tu mzaha wa kufungia.

Wembe akanyoosha mkono. "Nakubali," akasema.

Mwenye bucha akauliza imekuwaje, si ndiye aliyesema mume ashike koleo?

"Andika kwanza kura yangu, katibu," Wembe akasema. Aliposikia kalamu imekwaruza, akajaribu kusimama, kiti kikang'ang'ania, ikabidi aseme akiwa amekaa hivyohivyo. "Huyo mume ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwenye bucha alifungua mdomo, na kila mtu alijua kanuni ipi itatoka, akiwamo Wembe, kwa hiyo akamwahi. Alivua kizibao cha njano cha klabu, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza yenye picha za herufi. Alitaka kuwaambia kwamba miaka ile kumi na mmoja ilikuwa mizuri. Badala yake akajichomoa kitini, akatoka bila kuaga.

Jumamosi walikuja wote. Wa kwanza kufika alikuwa mwenye bucha, na toroli lake, na uso wa mtu aliyeamka kwa furaha. Wembe alipoinama kuchukua koleo, akamnyang'anya taratibu. "Mpokeaji hashiki kazi, kaka. Kakae na shemeji."

Wembe akaenda kukaa dirishani, upande ambao mlango hauonekani, akawa anawasikia tu. Waliuchekecha mchanga wakitoa yale yaliyokuwamo, wakabishana kuhusu maji, wakakosea vipimo, wakabomoa, wakaanza upya. Mara tatu aliinuka ili akawaelekeze, na mara tatu mkewe akamshika shati. Hapo dirishani akaona kile ambacho mkewe alikuwa anakiona: kipande cha barabara, nguzo, na migongo ya watu wanaokwenda zao. Hakukuwa na kingine. Alikitazama tangu asubuhi mpaka saa nane, na kabla ya saa nne alikuwa ameshakichoka.

Saruji ilipokauka, siku kadhaa baadaye, walirudi kumshusha. Wembe alitembea kinyumenyume mbele ya kiti, mikono yote miwili imekishikilia, huku analia waziwazi wala hajali nani anaona. Magurudumu yakagusa ardhi. Kwa kuwashukuru wenzake, akamshika mwenye bucha mkono, akautikisa kwa muda mrefu kupita kiasi. Wao wakaondoka, maana walikuwa na kazi nyingine mtaa wa pili.

"Ungewaambia tu," mkewe akasema walipobaki wawili.

"Niliona aibu."

"Najua. Lakini aibu ilikuwa yako, na aliyefungiwa ndani ni mimi."

Kwa mara ya kwanza hakutafuta mzaha. Akaenda nyuma ya kiti, akashika vishikio, akamuuliza anataka kwenda upande gani.

"Kushoto," akasema. Kisha akatazama kulia, akatazama tena kushoto. "Kote. Anza popote."